Siku nilimuweka Mama Masika ku mulango

Wadogo wangu, miye ni retraité, mustaafu wa kazi. Musicheke. Niko na miaka trente-trois, makumi tatu na tatu, meno yote ingali mu kinywa, lakini retraité ni retraité. Daktari mwenye alinifunga gipsi ku muguu aliniambia: "Weye na échelle, ile ngazi, mumeachana, na hakuna kurudiana." Tangu ile siku ninakaa chini, mu atelier yangu kadogo hapa Keshero, mu muji wa Goma, natengeneza makadri ya mbao, fremu za picha za kuchora. Na weye kijana, badala ya kuleta tablo yako nikuwekee kadri uende zako, unavuta kiti na kuniuliza: "Grand, expo inapangwaka namna gani?" Kinywa imechoka. Basi nimeandika. Na kama munataka kukosea, mukosee makosa mapya. Ile ya zamani miye nilishaimaliza yote.

Masomo niliiachia ku sixième primaire, darasa ya sita. Ukikuta kosa ya kuandika hapa, iwekee kadri. Itakuwa art.

Jina yangu ni Innocent, lakini mu kazi wananiitaka Musumari. Usizanie ni jina ya sifa. Niliingia mu hii kazi kwa kupiga misumari tu. Kulikuwa salle moja, ukumbi, hapa karibu na ziwa, zamani ilikuwa dépôt, gala ya kahawa, na mama moja mwenye kuitwa Mama Odile alikuwa anapanga mule expo, maonyesho za wachoraji wa muji. Mwanamuke mufupi, lunettes, miwani yenye kamba, sauti ya mutu mwenye anaongoza kwaya hata kama anaomba chumvi. Kazi yake kwa Kifaransa wanaiitaka commissaire, jina moja na ule wa polisi. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikasema: "Mama, kesho nitakuwa kwa commissaire." Mama yangu akaacha kukoroga bugali, akaniuliza: "Uliiba nini?"

Bon. Ile salle, kuta zake ni mawe ya volcano. Munaijua ile mawe. Nilifika na nyundo yangu, kifua mbele, nikaanza kupiga. Musumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu uliruka ukaenda kutafuta maisha mahali pengine, mpaka leo sijauona. Mama Odile alikuwa amekaa anakunywa chai. Aliniangalia mpaka nilipochoka.

"Umemaliza kuipiga?"

"Bado, mama."

"Ukuta imekukosea nini?"

Kisha akanionyesha juu. Karibu na plafond kulikuwa mbao moja ndefu imefungwa na boulons chache, imezunguka salle yote. Unashusha waya kutoka ku ile mbao, tablo inaning'inia, ukuta haiguswe. Ilikuwa pale tangu asubui. Miye sikuinua macho. Kwa hiyo kitu ya kwanza: ukiingia mu salle, usitoe nyundo. Zunguka mikono mu mifuko. Uangalie juu, uangalie chini, uangalie jua inaingilia wapi saa tisa na maji inavujia wapi mvua ikinyesha. Ukuta iko na tabia yake, na ilikuwa pale mbele yako.

Kosa yangu ya pili ni urefu. Miye ni murefu. Nilipachika tablo zote mbele ya macho yangu, nikaona ni bien kabisa. Mama Odile akaingia, akainua kidevu, akatembea vile vile mpaka mwisho kama mutu mwenye anatafuta ndege mu mawingu. Kisha akatoka inje, akamuita mama wa beignets, mandazi, mwenye alikuwa anapita na sahani ku kichwa. Akamusimamisha mbele ya ukuta. "Mama, angalia sawasawa, usijikaze." Akaweka kidole ku ukuta pale macho ya ule mama yalifika. "Katikati ya tablo itakaa hapa. Musumari, shusha zote." Vingt-deux tablo. Nilishusha zote. Mama wa beignets alituonyesha tablo mbili zenye alizipenda, kisha akatutolea beignets. Tangu ile siku, mukiona alama ya kalamu ku mulango wa atelier yangu, ni macho ya mama wa beignets. Napimiaka pale.

Na mambo ya majirani! Siku moja nilipachika tablo ya mbuzi karibu na tablo ya bibi-arusi. Kila moja peke yake ilikuwa muzuri. Lakini mbuzi ilikuwa inaangalia kuume, na kuume njo kulikuwa robe ya bibi-arusi. Watu wote wenye waliingia waliona kitu moja: mbuzi inataka kula robe. Hata muchoraji mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mama Odile hakucheka. Aliniambia: "Tablo mbili zikikaa karibu zinaanza kusemezana. Weye njo unazipatia maneno." Nilihamisha mbuzi. Nikaiweka karibu na tablo ya askari wa barabarani mwenye kunyoosha mukono. Mama Odile akanihamisha miye.

Kitu ya kuumiza zaidi mu hii kazi ni kutosha, kuondoa tablo za mutu. Muchoraji analeta tablo quarante, makumi ine, zote ni watoto wake, na salle inataka vingt, nusu tu. Unafanya nini? Zamani nilikuwa nazibananisha zote, juu na chini, kama nguo za kagasha, mitumba. Mama Odile aliniuliza: "Ukienda kununua nyanya, unapenda mama mwenye amezipanga tano tano, ama ule mwenye amezimwaga?" Tangu pale nilijifunza kuambia mutu: hii hapana, hii hapana, hii pia hapana. Wananichukia siku mbili. Siku ya ufunguzi wananikumbatia.

Sasa munaona, nilikuwa nimeanza kujua. Na mutu mwenye ameanza kujua njo wa kuogopa. Mwenye hajue kabisa anauliza. Mwenye ameanza kujua anafanya peke yake. Hapa njo ninafika ku Mama Masika.

Ile expo ilikuwa ya Paluku. Paluku ni muchoraji, mutoto wa muji wa Kiwanja, mukimya; unaweza kutembea naye kutoka Keshero mpaka katikati ya muji akakuambia neno mbili, na moja ni "moto", juu pikipiki ilikuwa inataka kukugonga. Mama yake ni Mama Masika, muuzishaji wa maharagi. Dépôt yake iko ku barabara kubwa ya Kiwanja, hakuna mutu wa kule asiyemujua. Paluku alipoanza kuchora, alimuchora mama yake ku ukuta ya ile dépôt, munene, mukono ku kiuno, kinywa wazi. Hakuomba ruhusa. Watu walikuja kucheka juu ya ile kinywa. Mama Masika akanunua chokaa, akapaka ukuta yote blanc, yeye mwenyewe, mbele ya watu. Kesho yake Paluku alipanda gari akakuja Goma. Miaka tatu hawakusemezana. Hata bonne année.

Mu ile miaka tatu alimuchora tena. Bila picha, kwa kichwa tu. Tablo kubwa karibu sawa na mulango: Mama Masika amekaa juu ya gunia, mikono ku magoti, kinywa imefungwa, anakuangalia kama vile umekawia. Siku yenye tulileta tablo mu salle, Paluku alinisogelea. Akasema maneno mingi kuliko mwaka wote.

"Musumari, mu hii expo watu wote wanaweza kukosa. Mutu moja tu asikose. Asipokuja, ninaacha kuchora."

Akanipatia mwaliko wa mama yake. Niliupeleka miye mwenyewe ku parking, nikauweka mukononi mwa chauffeur wa Kiwanja. Wiki mbili zikapita. Jibu hapana.

Asubui ya ufunguzi, Mama Odile akanipigia simu. Malaria ilikuwa imemulaza. Sauti ya kwaya ilikuwa imebakia kidogo tu.

"Musumari, ndani kila kitu iko mahali pake. Kumebakia mulango. Ku mulango weka kitu moja yenye kusimamisha mutu. Moja! Uiachie nafasi, ipumue. Na usijaribu kunifurahisha."

Wadogo, nilijaribu kumufurahisha.

Kitu yenye kusimamisha mutu? Ni Mama Masika. Nikamuweka ku mulango, peke yake ku ukuta, urefu wa mama wa beignets, nafasi ya kupumua kuume na kushoto. Bien. Kisha etiketi, ile kakaratasi kenye jina. Paluku alikuwa ameandika: "Huyu ni mama yangu, Mama Masika wa Kiwanja, alinilea peke yake, ninamuomba musamaha juu ya ukuta, asante kwa yote." Mama Odile alikuwa amenifundisha: etiketi imalizike mbele mutu hajapumua mara ya pili. Nikachukua makasi. Ikabakia: MAMA MASIKA WA KIWANJA. ASANTE KWA YOTE. Nilijipongeza.

Chini ya tablo niliweka kameza kadogo na kitambaa cheupe, na livre d'or, kile kitabu yenye wageni wanaandikaka vile wameona. Kalamu niliifunga na kamba, juu ninajua watu wa muji wangu. Hôtel ya jirani ilitupatia maua yenye ilibakia ku mukutano wao, yote meupe. Nikaigawanya kuume na kushoto. Courant, umeme, ikakatika. Mawingu ilikuwa imefunga, pale mulangoni giza. Nikawasha bougies mbili, mishumaa, mbali na tablo, musinigombeze, ninajua moto na tablo haipatane. Na vile mvua ilikuwa inakuja, nikaenda kukodi bashi, turubai ile ya bleu, na viti vya plastike cinquante, makumi tano, nikavipanga mu parcelle, ku uwanja mbele ya mulango. Ule bwana wa viti alishusha sauti, akanishika mukono na mikono yake mbili.

"Pole sana, petit."

Nikamujibu asante. Nilizania ameona vile nimechoka.

Munaona sasa? Miye sikuona. Bashi, viti, maua meupe, bougies, kitabu ya kuandika, picha ya mama katikati, na asante kwa yote. Kila kitu peke yake ilikuwa sawa. Nikafuta jasho, nikaenda nyuma kabisa ya salle, nikapanda échelle kunyoosha tablo moja yenye ilikuwa imelala upande.

Niko kule juu, nikasikia mutu analia. Mutu wa kwanza kufika alikuwa Mama Kavira, muuzishaji wa sambaza, samaki ndogo za ziwa. Kwao ni Kiwanja. Alisimama mbele ya tablo, akashika kichwa. "Uuuuwi! Masika! Masika weee!" Kisha wakaingia wengine wawili, nao wakalia. Kisha kumi.

Na miye, mutoto wa watu, ku échelle, mukono juu ya kifua, nikasema: art njo hii. Miaka yote tunaweka tablo, watu wanapita wanasema "bien, bien" na kutafuta juisi iko wapi. Leo wanalia! Nikanyoosha ile tablo polepole, ili niwaachie nafasi ya kusikia uchungu vizuri. Nikasikia wimbo wa kanisa unaanza. Nikasema hata muziki wameleta wenyewe.

Paluku alifika na moto, chemise imepigwa pasi. Miye sikumuona anafika. Aliona bashi. Aliona wamama wa kwao wamekaa ku viti na vikwembe, vitenge vyao, ku macho. Aliona mama yake katikati ya maua. Hakuna mutu mwenye alimuelezea kitu, juu kila mutu alizania yeye njo anajua kupita wote. Wamama walimuachia njia mpaka ku meza. Akashika kalamu, akaandika mu kitabu. Kisha akateleza ku ukuta, akakaa chini.

Pale njo miye nilitoka, nacheka, mikono wazi.

"Paluku! Umeona vile watu wanaipenda?"

Akainua macho.

"Alikufa lini?"

"Nani?"

Akageuzia macho ku tablo. Niliangalia kwenye alikuwa anaangalia. Niliona maua. Niliona bougies. Niliona bashi. 

"Hapana, Paluku, hapana! Hakuna mutu amekufa! Ni miye! Ni expo!"

Nikageukia wamama: "Nani amewaambia amekufa?" Moja akasema amesikia kwa Mama Kavira. Mwingine pia, kwa Mama Kavira. Na Mama Kavira alisikia wapi? Aliona ku ukuta. Nikapumua. Lakini Paluku alikuwa amekwisha kupiga namba ya mama yake, mara ya kwanza mu miaka tatu. Haipite. Akapiga tena. Haipite. Tukapiga kwa jirani ya dépôt. Ule jirani akasema: "Mama Masika? Dépôt imefungwa tangu asubui. Hajafungaka siku ya kazi ule mama. Kuna nini?"

Sasa hata miye sikujua tena. Nilikuwa nimesimama pale na makasi mu mufuko, ninaomba Mungu isikuwe nimemuweka ku mulango na kweli ameenda.

Yenye ilifuata sikuiona na macho yangu, lakini Mama Kavira ameisimulia sana mpaka naweza kukuonyesha mahali sufuria ilikuwa. Wakati miye napiga kelele, alikuwa amekwenda kuchukua jiko na sufuria ya chai, juu mu kilio, mu musiba, watu lazima wakunywe chai, na alikuwa anakoroga mwisho wa bashi, mugongo ku barabara. Nyuma yake mwanamuke moja akashuka ku moto, kikwembe mupya, kitunga ya avoka mukononi. Akauliza na sauti ya chini, kwa heshima:

"Mama, ni kilio ya nani?"

Mama Kavira hakugeuka. "Ya Mama Masika wa Kiwanja."

"Ule wa maharagi?"

"Njo ule."

"Masikini. Alikuwa mutu muzuri?"

"Muzuri sana. Ila mudomo."

"Mudomo namna gani?"

"Aï, mama, ile mudomo! Ukikosea kupima kilo mbele yake, utasemwa mpaka Pasaka."

"Na weye Kavira, kilo yako ya sambaza ilishaka kutimia siku gani?"

Sufuria ilianguka. Chai yote chini. Mama Kavira alipiga kelele, wote wakageuka, wakamuona marehemu mwenyewe, viti cinquante vikabaki bila mutu. Papa moja aliruka juu ya kipangu, ule ukuta ya mawe ya parcelle, na suti yake yote. Mpaka leo ukimuuliza anasema alikuwa na haraka.

Gari ya kutoka Kiwanja ilikuwa imepasuka pneu, tairi, kule Kalengera, simu ikamuzimikia mu njia. Ni hiyo tu. Mama Masika alipita katikati ya viti, kitunga mukononi, akafika mbele ya tablo yake. Akaangalia maua. Akapuliza bougie moja, kisha ya pili. Akasoma etiketi, kidole chini ya kila neno.

"Asante kwa yote? Yote gani? Mimi sijamaliza!"

Kisha akashusha macho ku mutoto wake mwenye alikuwa chini.

"Paluku. Simama. Unachafula suruali."

Njo ilikuwa neno ya kwanza mu miaka tatu. Paluku alisimama, akamugusa mukono, kidogo, kama vile tunagusaka rangi kuona kama imekauka.

"Mama, uko muzima?"

"Ulitaka nikujibu nini?"

Akageuka. "Nani alipanga hii mulango?"

Vidole vyote vilinionyesha. Nilinyoosha mukono juu kama mu sixième primaire. Aliniangalia kama ku tablo, mukizania ile macho Paluku aliitunga, hapana, iko vile.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, mama."

"Lete ile kitabu. Mutu hapatake bahati ya kusikia vile watu wanamusema ku kilio yake, ninataka kusikia yote."

Akakaa ku kiti ya plastike. Watu wakaanza kurudi moja moja. Nikasoma. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Kavira: "Masika, wakati tulikimbia vita ulitulaza mu dépôt yako wiki mbili juu ya magunia, hukutuuliza tutaondoka lini."

Mama Masika akamuangalia Mama Kavira. "Na panya."

"Na panya," Mama Kavira akasema, akafuta macho.

Nikasoma ya pili: "Mama, hukucheka na mutu, na hukumunyima mutu." Nikasoma ya tatu, ya mutu mwenye alikosea, alizania ni Masika mwingine, wa Butembo. "Muruke ule," akasema. Nikafungua ukurasa wa ine. Niliona mwandiko wa Paluku. Nikataka kufunga kitabu.

"Soma."

"Mama, hii ni ya…"

"Nimesema soma."

Nikasoma. "Mama. Nilikuchora kwa kichwa juu sikupata nguvu ya kuja kukuangalia. Sasa sitajua nilikosea wapi."

 Mvua ilikuwa imeanza ku bashi. Mama Masika alisimama, akasogea karibu na tablo, karibu sana, vile tunakatazaka wageni. Hakuna mutu mwenye alimukataza.

"Sikio," akasema.

Paluku akasogea. "Sikio, mama?"

"Ile ya kushoto. Si yangu. Ni ya shangazi yako. Njo pale ulikosea." Akatengeneza kikwembe yake ku bega. "Pengine ni bien."

Akaangalia tena. Kisha akasema, bila kumugeukia:

"Ile ukuta ya dépôt ingali blanc. Mvua inaichafula, kila mwaka ninaipaka tena, watu wasiweke mabango yao. Nimechoka kupaka. Uje na rangi yako. Na safari hii uniambie kwanza, nivae muzuri."

Ile expo watu walikuja siku kumi mufululizo kuona mama mwenye alikuja ku kilio yake mwenyewe. Lakini Mama Odile alipopona, alikuja, akasikiliza hadisi yote, akacheka mpaka lunettes zikabaki ku kamba. Kisha akanishika sikio, ya kushoto.

"Kila kitu ulifanya sawa. Ulisahau moja. Ukimaliza, unatoka inje. Unaenda mpaka ku barabara. Unasahau kama ni weye ulipanga. Kisha unarudi unaingia kama mutu mwenye anatoka sokoni na mawazo yake."

Andikeni ile, wadogo. Makasi, waya, niveau ya kunyooshea tablo, vyote mutajifunza. Siku hizi hata watu wanageuzia tablo mugongo ili wapige picha ya sura yao, inabidi uwaachie mètre mbili mbele ya ukuta, na courant mutabeba ya mu batterie. Mambo inabadilika. Lakini kutoka mpaka ku barabara na kurudi, mutu hawezi kukufanyia.

Paluku alikwenda Kiwanja akakaa mwezi. Ukuta ya dépôt leo iko na Mama Masika mukubwa, kinywa wazi, yeye mwenyewe njo alitaka iwe wazi. Na alimuchora tena ku tablo, na masikio yake mbili. Ku expo yenye ilifuata nilipachika ile mupya ndani kabisa, na kiti mbele yake. Mama Masika alikuja, akakagua, akaniita pembeni. Ile ya zamani, ya sikio ya shangazi, alikuwa anaifunga mu kikwembe.

"Hii ninaipeleka kwangu. Musumari, sikiliza. Siku yangu ikifika, kweli kweli, ni hii njo mutaweka ku mulango. Na ni weye utapanga. Maua vile vile. Kitabu vile vile. Ile siku ulifanya kazi muzuri. Ni tarehe tu njo ulikosea."

Nikasema ndiyo, mama. Ungesema nini?

Basi njo maana, hata na huu muguu, nyundo yangu sikuiuzisha. Iko hapa mbele yangu, na waya, na ile etiketi imekatwa makasi. Nimebakiza kazi moja. Juzi Mama Masika alinipigia simu, akanigombeza dakika vingt juu ya kadri yenye nilimutumia, asema pembe moja haifungike sawa. Ilikuwa inafungika sawa kabisa. Nikanyamaza nikasikiliza. Acha anigombeze. Ile kazi sina haraka nayo.